Shajara ya mradi wa saketi: Darasa la Sita, mada ya umeme

Wiki ya 1, Jumatatu

Kila mwalimu anaujua wimbo huu. Unageuka kutoka ubaoni, unauliza, "Tumeelewana?" na darasa zima linavuta, "Ndiyooo, mwalimu!" Kesho yake unasahihisha madaftari, unagundua mlielewana wewe na ubao. Muhula uliopita niliifundisha saketi, yaani njia ya umeme kutoka betri hadi kwenye taa na kurudi, namna hiyo. Waliinakili vizuri, wengine kwa rula, na bado mmoja alinifuata nje kuniuliza kama umeme wa kwenye mchoro ni ule ule wa TANESCO.

Safari hii nina shughuli nne za mikono, zote za vitu vya dukani na vya kuokota: betri za tochi, waya, glopu, vipande vya boksi, selotepu. Shajara hii ni ya kujibu mambo mawili. Watoto wanajifunza nini hasa? Na shughuli zenyewe, je, zinafanyika kweli darasani kwangu: watoto 61 wa Mkondo A, madawati ya watatu watatu, kipindi cha dakika 40? Hili la pili huwa hatulipimi. Kwenye semina tunajaribu shughuli tukiwa walimu ishirini, meza pana, muda hauna mwenyewe, na kila kitu kinawaka.

(Humu neno mkondo litakuwa na kazi mbili, mkondo wa darasa na mkondo wa umeme. Watoto hawajawahi kulalamika, basi nasi tuvumilie.)

Wiki ya 1, Jumatano

Jaribio la kabla. Maswali sita tu. Kila swali lina ngazi mbili: kwanza chagua jibu, kisha eleza kwa nini. Mtindo huu wa ngazi mbili uliwekwa wazi na David Treagust mwaka 1988, na faida yake nimeiona leo leo. Mtoto anaweza kubahatisha A, B au C, lakini hawezi kubahatisha sababu.

Swali la 1 ni mchoro wa betri moja, waya mmoja kutoka kichwa cha betri hadi kitako cha glopu, basi. Itawaka? Zaidi ya nusu wamesema itawaka. Sababu zao: "umeme umefika", "waya imegusa", "kwa sababu betri ni mpya". Sikucheka. Miaka ya 1990 wahitimu wa MIT, chuo kikuu maarufu cha teknolojia Marekani, wamevaa majoho siku ya mahafali, walipewa betri, waya na glopu mbele ya kamera waiwashe, na baadhi yao walishindwa. Mtoto wangu wa miaka kumi na miwili yuko kwenye kundi la heshima.

Swali la 4 ndilo lililonikalisha mpaka jioni. Glopu mbili zinazofanana kwa kila kitu zimepangwa kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja. Ipi itawaka zaidi? Wengi: ya kwanza. Mmoja ameandika, "Ya kwanza inakula umeme ikishiba ndio inampa mwenzake."

Watafiti wamelikuta wazo hili kwa watoto wa nchi nyingi tangu miaka ya 1980. Roger Osborne alilieleza kwa watoto wa New Zealand: mkondo unapungua kila unapopita kwenye kifaa. Hivyo silo letu peke yetu. Lakini sisi tumelipa nyumba nzuri zaidi. Nyumbani pasi inakula umeme, friji linakula umeme, uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zinaisha Jumapili usiku na baba anauliza nani kaacha jiko limewaka. Mtoto ameishi miaka yote hiyo akisikia umeme ni kitu kinachonunuliwa, kinaingia, kinaliwa, kinakwisha. Halafu nakuja mimi na chaki, namwambia mkondo unaoingia kwenye glopu ndio huo huo unaotoka. Kinacholiwa ni nishati. Tofauti ya nishati na mkondo mimi mwenyewe nilikuja kuielewa chuoni, na siyo mwaka wa kwanza.

Wiki ya 1, Ijumaa

Sokoni. Nilitaka glopu ndogo za tochi, zile za volti 2.5 zenye uzi ndani. Kitabu kimechora hizo. Maduka matatu hayana. "Mwalimu, hizo za zamani," kaniambia fundi redio, "siku hizi tochi zote ni LED." Kanifungulia kopo lenye LED nyeupe, vitaa vidogo vya miguu miwili visivyo na uzi, akanipa thelathini kwa bei ya kirafiki. Nikafurahi. Sikutakiwa kufurahi.

Wiki ya 2, Jumanne

Shughuli ya 1: "Washa taa kwa betri na waya." Makundi kumi na mawili ya watoto watano, moja lina sita.

Nilimpa kiranja saa yangu aandike muda. Kugawa vifaa: dakika 14. Kutoa maelekezo mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyesikiliza, mikono ilikuwa kwenye LED: dakika 5. Kukusanya na kuhesabu: 8. Zilizobaki ni dakika 13 za kujifunza, na humo ndani nimetoa waya mbili puani mwa watoto, hapana, natania, ilikuwa moja.

Tatizo kubwa lilikuwa LED zenyewe. Betri moja ya volti 1.5 haiiwashi LED nyeupe hata kidogo. Inataka karibu volti 3, yaani betri mbili. Hilo nililijua, niliwapa mbili mbili. Nililolijua pia ila sikulipa uzito ni kwamba LED inapitisha umeme upande mmoja tu. Mguu mrefu sharti uelekee chanya. Ukigeuza, giza.

Nitaandika hili polepole kwa sababu ndilo lililobadilisha mradi. Kuna binti anakaa dawati la dirishani, haongei sana. Yeye ndiye aliyeunganisha saketi ya kundi lao. Betri mbili zimekaa sawasawa, kichwa cha moja kwenye kitako cha nyingine, mwenzake amezibana kwa vidole. Waya mmoja toka juu, mwingine toka chini, ncha zimekwanguliwa vizuri kwa meno, kila moja imeshikishwa mguu wake wa LED. Saketi kamili, ile ile niliyotaka kuiona. Haikuwaka. Miguu ilikuwa imegeuzwa. Akaangalia kundi la jirani, wao yao imewaka: mmoja wao alikuwa anachomeka ovyo na kuzungusha hadi ikapata. Yule binti akachukua kifutio. Kwenye daftari lake alikuwa amechora, kabla ya kujaribu, saketi iliyofunga mzunguko. Akaufuta waya wa pili.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na nilichelewa kufika kwa sababu nilikuwa nasimamia ugomvi wa selotepu.

Jioni nikajaza fomu yangu ya ufuatiliaji. Nilikuwa nimeitengenezea safu moja: "Imewaka / Haikuwaka." Kwa fomu hiyo kundi la ovyo limefaulu na binti wa dirishani amefeli. Nimeichana.

Wiki ya 2, Alhamisi

Fomu mpya ina safu tatu. Je, saketi imefunga mzunguko (naangalia kwa macho yangu, iwake isiwake)? Je, kifaa kimegoma (betri imekwisha, LED imegeuka, waya haikukwanguliwa)? Je, mtoto anaweza kusema kwa nini? Kundi linaweza kupata ndiyo, ndiyo, ndiyo huku taa imezima, na hilo ndilo kundi langu bora wiki hii.

Nimewapima pia kama walifurahia. Nilichora sura tano, kuanzia iliyonuna hadi inayocheka meno yote nje, kila mtoto azungushie moja. Karatasi 61, sura za kucheka zisizopungua hamsini na kitu. Kundi ambalo betri zao zilikuwa zimekufa tangu mwanzo, hawakuona hata cheche, nao wamecheka meno yote. Janet Read na wenzake wa Chuo Kikuu cha Central Lancashire, Uingereza, waliopima vitu vya watoto kwa sura za namna hii, waliliona jambo hilo hilo: watoto hukimbilia sura nzuri kuliko zote. Kwetu ongeza adabu. Nani atamzungushia mwalimu wake sura iliyonuna, na yeye amesimama pale?

Njia nyingine ya Read na wenzake ni kuuliza, "Ungependa kuifanya tena?" Ndiyo, labda, hapana. Nitaitumia, lakini kiranja ndiye atakayekusanya, na hakuna kuandika jina.

Wiki ya 3, Jumatatu

Leo sikufundisha, nilitazama. Baada ya vipindi nilibaki na watoto watano. Kwa nini watano? Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama vitu vinatumika kirahisi, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya kasoro. Ukiongeza wengine unaona yale yale. Yeye alikuwa akisema habari za tovuti na programu, lakini karatasi ya maelekezo nayo ni kitu cha kutumiwa.

Niliwaomba wafanye huku wakisema kwa sauti wanachowaza. Kimya. Wananitazama usoni kusoma jibu. Mtoto wa Kitanzania na mwalimu wake ana kwa ana si mahali pa kuwaza kwa sauti, na nilitakiwa kulijua.

Nikabadilisha. Nikamwita mtoto wa Darasa la Nne aliyekuwa anasubiri dada yake, nikawaambia: mfundisheni huyu aiwashe, nyie msiguse. Mimi nikaenda kukaa nyuma nikijifanya nasahihisha. Weee! Midomo ikafunguka. "Siyo hapo, hapo ni shingoni, mpaka uguse na tako." "Kwangua kwanza, hiyo rangi ya waya haipitishi." "Karatasi imesema unganisha ncha, sasa ncha gani?" Hilo la mwisho nimeliandika kwa herufi kubwa. Hatua yangu ya 3 inasema "unganisha ncha ya waya na glopu". Waya ina ncha mbili, glopu ina sehemu mbili za kugusa. Mwandishi alijua anamaanisha nini. Mwandishi ndiye pekee.

Kasoro nyingine: vidole havitoshi. Kushika betri mbili, waya mbili na taa kunataka mikono ya watu watatu, na mmoja akipiga chafya saketi imevunjika. Tumekata boksi, tukatengeneza kitanda cha betri kwa mpira wa baiskeli. Wazo la mtoto wa Darasa la Nne.

Wiki ya 3, Alhamisi

Fundi redio kaniokoa. Amechimbua ndani ya mizoga ya tochi za zamani, kanipatia glopu za uzi. Hazifanani, nyingine hazina maandishi. Uamuzi: Shughuli ya 1 tunatumia glopu za uzi, zinawaka upande wowote. LED tunaipeleka Shughuli ya 4, ambapo kugoma kwake ndilo somo lenyewe.

Karatasi ya maelekezo nimeiandika upya, nikampelekea mwenzangu anayefundisha Mkondo B aitumie bila mimi kuwepo. Yeye yuko kazini miaka mingi kunizidi. Ameisoma pale pale ofisini, kavua miwani: "Mwalimu, hii karatasi umejiandikia mwenyewe. Mimi kwangu kundi likimaliza mapema linafanya nini? Wanapanda juu ya madawati?" Hatua hiyo haikuwepo. Tumeongeza: wanaomaliza wachore saketi isiyowaka, wapelekee kundi jirani litafute kosa.

Wiki ya 4, Jumanne

Mkondo A tena. Vifaa vyote vya kundi vimo ndani ya kopo moja la maziwa ya unga, orodha imebandikwa kifunikoni, kila kundi lina mtunza kopo. Kugawa: dakika 3. Kukusanya: 4. Sikuamini, nikamwuliza kiranja kama saa imesimama.

Shughuli ya 3 ndiyo ya glopu mbili kwa mfuatano. Kanuni: tabiri kwanza, andika kwa kalamu siyo penseli (sitaki tena kuona kifutio), kisha unganisha. Utabiri ulikuwa ule ule wa swali la 4: iliyo karibu na kichwa cha betri itang'aa zaidi.

Wakaunganisha, na kundi la katikati likapiga kelele za ushindi. Glopu ya kwanza inang'aa, ya pili inafuka tu kama kaa la jana. "Si tulisema, mwalimu! Ya kwanza imekula."

Moyo uliniruka. Glopu zangu za mizoga hazifanani, hivyo kwenye mfuatano mmoja zinang'aa tofauti, na tofauti hiyo imeangukia upande wa kosa. Ningekuwa na glopu mpya za dukani zisingenisaliti. Nikawaza kuwaambia, "Hizo hazifanani, achaneni nazo," yaani niwaombe waniamini mimi kuliko macho yao. Bahati nikakumbuka nina dakika 20 mbele, anasa ambayo wiki mbili zilizopita nisingekuwa nayo.

"Badilishaneni nafasi. Ya kwanza ikae ya pili. Tabirini tena, andikeni."

Wakaandika: sasa hii nyingine ndiyo itang'aa, maana imekaa mwanzo. Wakabadilisha. Glopu ile ile iliyong'aa mwanzo ikaendelea kung'aa, safari hii ikiwa nyuma. Iliyofifia ikafifia pale pale mbele.

Kundi likanyamaza. Mvulana mmoja akazichomoa, akazirudisha, akazichomoa tena. Akageuza betri. Ile ile. Akasema taratibu, siyo kwangu, kwa glopu: "Kumbe siyo foleni."

Nimeiandika neno kwa neno. Katika maswali yote sita niliyotunga sina hata moja ambalo lingenipa sentensi hiyo. Kubadilishana nafasi sasa ni hatua rasmi ya Shughuli ya 3, na makundi yote yanapewa glopu zisizofanana kwa makusudi.

Wiki ya 4, Ijumaa

Jaribio la baada, maswali yale yale kwa michoro iliyogeuzwa. Kusahihisha nilitumia kipimo cha Richard Hake, mwalimu wa fizikia wa Marekani, aliyekitumia mwaka 1998 kulinganisha kozi 62 zenye wanafunzi zaidi ya 6,000. Badala ya kuhesabu alama zilizoongezeka peke yake, unauliza: kati ya alizokuwa hajazipata, amepata kiasi gani? Mtoto aliyekuwa na 2 kati ya 6 akafika 4 ameziba nusu ya pengo. Aliyekuwa na 4 akafika 5 ameziba nusu pia, ingawa ameongeza moja tu. Hake alikuta madarasa ya mhadhara yanaziba wastani wa 0.23 ya pengo, na yale yenye wanafunzi wanaofanya na kubishana 0.48. Sitalinganisha darasa langu na yale, maswali yangu sita hayajapimwa na mtu. Nakitumia kujilinganisha mimi na mimi.

Nimesahihisha mara mbili: kwanza jibu tu, kisha jibu pamoja na sababu. Swali la 1 limenyooka kote kuwili, karibu wote wanasema waya mmoja hautoshi na wanasema kwa nini. Swali la 4 ukihesabu majibu tu, nimeshinda. Ukidai na sababu, ushindi unayeyuka: wengi wamejibu "zitang'aa sawa" na kueleza "kwa sababu zimegawana umeme nusu kwa nusu". Jibu sahihi, tumbo lile lile la kula umeme, ila sasa wanakula kwa haki. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao maswali yake mengi ni ya kuchagua, ungewapa alama zote.

Binti wa dirishani amechora waya wa pili, na mshale unaorudi kwenye betri.

Kuhusu "ungependa kuifanya tena": Shughuli ya 3 imeongoza. Shughuli ya 2, ya kupanga vitu vinavyopitisha na visivyopitisha umeme, ambayo mimi niliiona tamu kuliko zote, imepata "hapana" nyingi. Mmoja kaandika, "tulishajua kijiko kitawaka." Kweli. Nitaipunguza iwe dakika 10.

Wiki ya 7, Jumatatu

Wiki mbili bila kugusa umeme, kwa makusudi. Leo nimewauliza kwa mdomo, mmoja mmoja, watoto kumi: mkondo unaotoka kwenye glopu ukoje ukilinganisha na ulioingia? Sita wamesema ni ule ule. Wanne wamerudi kwenye kula.

Kati ya wale sita, yule wa "siyo foleni" aliniuliza naye: "Sasa kama unatoka wote, mwalimu, kwa nini nyumbani tunanunua uniti?"

Nikamjibu kwamba tunalipia nishati, siyo mkondo. Akasema, "Ndiyo mwalimu," kwa sauti ile ile ya darasa zima. Nimejiandikia sifuri mimi mwenyewe, kwenye safu yangu.

Shule ya sekondari ya jirani imekubali kutuazima ameta, kifaa cha kupima mkondo wa umeme. Tutaiweka kabla ya glopu, tusome, tuihamishie baada ya glopu, tusome tena. Kwa suala la uniti bado natafuta shughuli. Mwenzangu wa Mkondo B amependekeza mnyororo wa baiskeli: unazunguka wote, haupungui hata pingili moja, na bado mwenye kukanyaga pedali ndiye anayechoka. Baiskeli ya mlinzi inapatikana saa nne asubuhi. Ameta ni moja, kwa hiyo makundi yatapokezana, na lazima nifikirie makundi mengine kumi na moja yatakuwa yanafanya nini wakati huo.